Robo Tatu kwenye Baraza la Fundi Cherehani

Mwaka jana nilirudi Kasongo kwa arusi ya mjukuu wa ndugu yangu. Pikipiki iliponishusha karibu na soko, miguu imekufa ganzi kwa safari, nikasikia cherehani ya mkono ikizungushwa nyuma ya vibanda: kre-kre-kre, kimya, halafu kre-kre tena. Nikasimama palepale katikati ya njia. Kijana wa pikipiki akashtuka. "Mama, unajisikia mubaya?" Nikamwambia hapana, najisikia vizuri kabisa. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nimerudi kuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwenye daftari lililojaa wino mwekundu?

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Mama yangu alikuwa amefariki zamani, na baba alifanya kazi mgodini, kule Salamabila, kwa hiyo nililelewa na bibi. Nyumba yetu ilikuwa mahali ambapo upande wa misioni unakwisha na mji wa Waislamu unaanza. Alfajiri tuliamshwa na adhana, na kabla usingizi haujarudi, misioni nao walikuwa wakigonga kile kipande cha reli kilichoning'inizwa kama kengele. Bibi alishaanza kutwanga mpunga. Alikuwa na msemo wake: asiyesikia adhana atasikia kengele, na asiyesikia kengele atasikia mchi wangu. Harufu ya asubuhi zile ilikuwa ya pumba mbichi na sombe, yaani kisamvu, ya jana ikipashwa moto kwa mafuta ya mawese.

Sikuwa mjinga, rafiki yangu. Nilichelewa tu. Mdogo wake bibi alifariki Kabambare, tukaenda matangani kwa miguu. Tulipotaka kurudi, mto Luama ulikuwa umefurika na maji yalikuwa yamechukua mtumbwi wa kuvushia watu. Tukakaa huko zaidi ya miezi miwili, tukila mihogo ya wenyeji wetu na kuitazama mvua. Niliporudi darasani nikakuta wenzangu wameingia kwenye sehemu za namba: namba moja juu, nyingine chini, na mstari katikati. Mimi niliona kama mtu aliyembeba mwenzake mgongoni. Nilijumlisha za juu na za juu, za chini na za chini, na sista aliyetufundisha akaweka alama nyekundu juu ya kila kitu. Baada ya wiki chache nikaacha hata kunyoosha mkono.

Sista akamwita bibi. Akamwambia inspekta atakuja baada ya Pasaka kuchagua wasichana wa kwenda shule ya ualimu, na kwamba mimi, kwa hesabu zile, hatanipeleka mbele yake. Habari zikamfikia baba. Akatuma neno: shule ikinikataa, atakuja kunichukua nikampikie kambini, na tena kulikuwa na mtu wa Wamaza, upande wa mgodini, aliyekwisha kuuliza habari za kunioa. Bibi alipokea ujumbe ule huku akipepeta mchele, na siku hiyo chenga zilipita pamoja na mchele. Jambo hilo sikuwahi kuliona kwake.

Jirani yetu upande wa pili alikuwa fundi cherehani, Mwislamu mwenye ndevu chache na mguu mmoja usiokunja goti. Alikuwa ameuacha ukunjo wake vitani, kule Abisinia, alikokuwa akiwashonea askari. Watoto wa misioni tulikatazwa kushinda upande ule. Lakini bibi alinituma na gauni langu la shule liongezwe urefu, na fundi, akinipima, akauliza kwa nini nina uso wa mtu aliyefiwa. Nikamwonyesha daftari.

Akalitazama ukurasa kwa ukurasa. Hakujua kusoma maneno ya Kifaransa, lakini namba alizijua.

"Nusu na robo, ukiweka pamoja, iko ngapi?"

"Mbili ya sita," nikajibu haraka.

Hakucheka. Akachukua kipande cha kitambaa, akakikunja mara mbili, akakifungua na kuonyesha mikunjo kwa kidole. "Hii nusu. Hii robo. Pamoja, iko kubwa kuliko nusu ao ndogo?"

"Kubwa."

Akachukua kipande kingine cha urefu uleule, akakikunja kwa sita, akaniwekea sehemu mbili pembeni. "Hii ndiyo mbili ya sita yako. Haifiki hata nusu! Mwanangu, umeshaona wapi mutu anaongezewa wali, na sahani inapunguka?"

Nikacheka mpaka nikaegemea nguzo ya baraza. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka juu ya hesabu. Tangu siku hiyo, kila alasiri baada ya kuchota maji na kutwanga, nilivuka kwenda kwa fundi. Nilikaa kwenye benchi lake, nikikunja vitambaa kwa tatu, kwa nne, kwa nane, huku gurudumu la cherehani likizunguka na yeye akiniuliza maswali bila kuinua macho. Nikikosea alisema tu, "Uliza kitambaa." Nami nilikiuliza.

Halafu nikafanya kosa. Idi ilikuwa imekaribia, kazi zimejaa, na fundi akaniamini. Mzee mmoja alikuwa ameleta merikani nyeupe ya kanzu. Fundi akanipa mkasi. "Kata penye robo tatu." Nilijisikia mkubwa siku hiyo. Nikakunja upesi, nikakata. Kitambaa kilipofunguka, niliona nilikuwa nimekunja sehemu tatu badala ya nne. Nilikuwa nimekata penye mbili ya tatu. Kanzu ile ingemwishia mzee kwenye muundi.

Fundi alikishika kile kitambaa kwa mikono miwili, akakiweka chini. Akaingia ndani, akatoka na merikani yake mwenyewe, ile aliyojiwekea kwa kanzu yake ya sikukuu, akaanza kukata. Hakunitazama. Asubuhi ya Idi niliwaona wanaume wakipita kwenda kusali, weupe kama mayai, na fundi katikati yao akichechemea na kanzu ya zamani iliyofifia shingoni. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Siku iliyofuata sikuvuka. Wala siku ya pili.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe uani kwetu, akasimama karibu na kinu cha bibi. "Mukasi haiombi musamaha," akasema. "Mutu ndiye anaomba."

Nikapiga magoti. "Baba, unisamehe."

"Nimesamehe. Sasa kuja, kazi iko."

Ile merikani niliyoiharibu hakuitupa. Aliikata vipande vya urefu mmoja, akanipa viwe daftari langu. Mwezi mzima nilikunja kosa langu mwenyewe, mpaka nikaweza kufumba macho na kuiona mikunjo bila kitambaa.

Baada ya Pasaka inspekta akaja, Mzungu mnene mwenye kofia ngumu. Sista alikuwa ameniweka benchi la mwisho ili nisionekane. Lakini swali lilipita darasa zima bila jibu: tangi lina maji robo tatu, ukitoa theluthi ya maji yaliyomo, tangi linabaki na kiasi gani? Wenzangu walikuwa wakizidisha na kugawanya ubaoni na chaki zikivunjika. Mimi sikuliona tangi. Niliona merikani imekunjwa kwa nne, nikachukua tatu, nikaondoa moja. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Nusu, bwana."

Inspekta akanitazama. Akasema kwa Kiswahili chake cha Kizungu, "Nani alisema wewe hii jibu?"

"Hapana mutu."

"Basi ingine. Tangi, robo tatu. Natoa nusu ya maji. Nini nabaki?"

Tatu haigawanyiki kwa mbili. Lakini nilikuwa nimeikunja mara ngapi! Nikavua kitambaa cha kichwani, nikakikunja mbele ya macho yake: kwa nne, halafu kila moja kwa mbili. Nane. Sita zina maji. Nusu ya sita ni tatu.

"Tatu ya nane."

Akauliza nani alinifundisha. Nikamwangalia sista, nilijua nikisema kweli nimejishtaki. Nikasema hivyohivyo. "Ni fundi wa nguo, bwana. Mwislamu, jirani yetu."

Sista akawa mwekundu. Inspekta akaandika kitu katika karatasi yake, akasema kwa Kifaransa maneno ambayo sista alitufasiria baadaye: huyu aende.

Alasiri ile sista alipanda baiskeli yake, akavuka mpaka ule tuliokatazwa, akaketi kwenye benchi la fundi. "Nionyeshe," akamwambia. Fundi akafuta mikono, akachukua kitambaa. Wiki iliyofuata tulikuwa wasichana wanane pale barazani, na bibi yangu akitembeza karanga za kuchemsha kama mwenye arusi.

Baba alikuja kunichukua kama alivyosema. Alifika na baiskeli na kamba ya kufungia mizigo yangu. Bibi hakuacha kutwanga. "Mutoto unayemutafuta," akamwambia, "iko kwenye orodha ya ualimu." Baba akakaa chini. Kisha akacheka, akaomba maji ya kunywa, na alipoondoka alituma salamu kwa yule mtu wa Wamaza kwamba atafute kwingine.

Nimefundisha hesabu kwa miaka mingi tangu hapo. Wote hao wametangulia: bibi, sista, baba na fundi. Baraza limebomoka, na mahali pale pamejengwa kibanda cha kuchajia simu. Zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima, na mtu mzima yeyote aliyejua kitu alikuwa na haki ya kukufundisha. Siku hizi tunapita mlangoni kwa jirani na hatujui watoto wake wanalilia nini. Na wale wasichana wanane, wengi wetu tulikuja kuwa walimu. Tukawafundisha wengine, na hao nao wakafundisha. Nimetafuta katika madaftari ya shule zote nilizopita. Jina la fundi halimo hata katika daftari moja, naye ndiye mwalimu wetu wa kwanza.