Udongo wa Baba Yake

Siku ndiva yetu ya Myamba ilipoanza kupasuka, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu ya matope yake. Ndiva, kwa wewe uliyekulia mjini, ni bwawa la udongo na mawe tulilorithi kwa mababu. Maji ya mfereji hulala humo usiku, asubuhi yanafunguliwa, na kila nyumba inamwagilia kwa zamu yake. Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikuona ukimpita jirani yetu pale njiani bila kumwamkia, na nilipokuuliza ukaniambia yule ni wa chama kile kingine. Haya, kaa. Chai itapoa, lakini haitakimbia.

Nilikuwa mkamwana mpya, hata mwaka sijamaliza katika nyumba ya babu yako. Mwingereza alikuwa ametuletea kodi ya namna nyingine: si ile tuliyoizoea, ya kila mtu sawa, bali ya kupimiwa mali. Waje watu uani kwako, watazame mbuzi wako, watazame kahawa yako, kisha waseme wewe una uwezo kiasi gani. Sisi Wapare tukakataa. Mtu hatazamwi mali yake akiwa hai kama marehemu anayegawiwa mirathi! Wanaume wakashuka milima mpaka Same, wakakaa bomani, wakasema hawaondoki mpaka kodi ile iondoke. Babu yako, mume wangu, alikuwa miongoni mwao. Sisi wanawake tulibaki na mashamba, na makande yao tuliyabeba kichwani mpaka huko chini.

Niliamini jambo lile, na hadi leo naliamini. Hapo sikukosea. Lakini kuwa upande wa haki kuna utamu wake, na utamu huo hakuna aliyenionya. Unakunywa kidogo, unajiona mrefu. Unakunywa zaidi, humwoni tena mtu aliyesimama mbele yako. Dengelua, pombe yetu ya miwa, hailevyi hivyo.

Aliyesimama mbele yangu alikuwa Baba Namkunda, jirani wa chini yetu kidogo, mtu mzima, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Yeye alilipa. Alikwenda peke yake kwa karani, akalipa, akarudi kulima. Basi sisi vijana tuliobaki tukaapa: asipewe moto, asisalimiwe, na zamu yake ya maji imruke. Mwenye mdomo kuliko wote nilikuwa mimi. Nilikuwa nampita nimekaza shingo, shikamoo nimeimeza kwa makusudi. Maharage yake yakaanza kunyauka, nasi tukaona ni halali yake. Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini nani alikuwa na masikio?

Ilikuwa kiangazi. Asubuhi hiyo tulikwenda kufungua maji tukakuta ukingo umetoboka pembeni, maji yanatoka kwa nguvu na tundu linazidi kupanuka. Ndiva ikienda, maharage ya kilima kizima yamekwenda, na bila maharage wanaume wetu kule Same wangeshindwa na njaa kabla ya kushindwa na Mwingereza. Tukatia mawe, yakasombwa. Tukatia matope, yakasombwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi tulikuwa wachache, wengine wana watoto mgongoni.

Ndipo Baba Namkunda akatokea, jembe begani, amekumbatia magome ya mgomba ya kuzibia. Alivua shati, akaanza kuteremka majini. Nikamkinga njia.

“Rudi,” nikamwambia. “Heri maji yote yaende kuliko mkono wako uyaguse.”

Unanisikia, mwanangu? Chakula cha mume wangu mwenyewe! Nilikuwa radhi watu wangu walale njaa, mradi yule asipate nafasi ya kutusaidia. Na wenzangu wakaitikia kwamba nimesema kweli.

Mama mkwe wangu alikuwa amepiga magoti kwenye matope. Nikwambie jambo moja kuhusu yeye: Myamba nzima hapakuwa na mwanamke aliyeichukia kodi ile kama yeye, na mwanawe wa pekee alikuwa bomani. Nilijua atanisifu. Akanyanyuka polepole, akashika kiuno, akasema kwa sauti ile ile anayoulizia chumvi.

“Sawa, mkamwana. Ukingo huu walioupiga ni baba mkwe wangu na baba yake huyu. Utoe kwanza udongo wa baba yake, uuweke kando. Ukimaliza, mfukuze.”

Nikautazama ukingo. Udongo ni udongo. Waliukanyaga pamoja siku za msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na ukachanganyika kabla mimi sijazaliwa. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasogea.

Tukaziba, Baba Namkunda ndani ya maji na sisi tukimpa udongo mkononi. Maji yakimwagika hayazoleki. Karibu nusu yalikuwa yameshakwenda bondeni, na sehemu ya hayo ilikwenda nikiwa nimesimama pale kumkatalia. Alipokuwa ananawa, mama mkwe alimwambia waziwazi kwamba kwenye kodi amekosea, na ataendelea kumwambia hivyo mpaka mmoja wao azikwe. Baba Namkunda akacheka, akakohoa, kisha akanigeukia mimi.

“Vita ya Mjerumani tulibebeshwa mizigo, mimi na kaka yangu,” akasema. “Nilirudi peke yangu. Naijua serikali ikikasirika, binti. Niliogopa, nikalipa.”

Siku zote zile nilimwita msaliti, na hata mara moja sikuwa nimemuuliza kwa nini. Nililia pale pale, miguu ikiwa matopeni. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba kama vile niliisema jana na juzi.

Maji yaliyobaki mama mkwe alisema yaanzie shambani kwa Baba Namkunda, na hakuna aliyebisha. Wala usidhani mzee yule alibadilika. Bomani hakukanyaga, akili ni nywele. Lakini maharage yalipokomaa, niliposhuka tena Same, ndani ya makande mlikuwa na ya kwake. Babu yako alikula, akasifu. Nilimwambia ni ya nani alipokwisha kumeza. Na kodi ile, baadaye, iliondolewa.

Sasa sikiliza. Sikwambii uache chama chako, wala sikwambii kila upande una haki sawa. Mama mkwe hakusema hivyo, nami sisemi. Shika unachokiamini. Lakini siku utakapojiona uko radhi kupata hasara wewe na watu wako ili tu mwenzako asionekane ana jema, jua umeshalewa. Muulize alichokiona hata akaogopa. Na kabla hujamfukuza, tafuta udongo wa baba yake, uone kama utaupata peke yake.

Yule jirani uliyempita jana ni mjukuu wa Baba Namkunda. Maliza chai, uende ukamwamkie. Mungu akupe msimamo usioyumba, mwanangu, na akunyime shingo ngumu. Ukingo wako ukitoboka, asikose mtu wa kuteremka majini.