Merkiri Nyekundu Barazani Kwangu

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni shemasi katika kanisa letu na ni mtu mwema. Nayasema haya mapema kwa sababu mbele sitapata nafasi ya kuyasema.

Karibu kila jioni, akitoka kwenye shughuli zake mjini, hupita kwangu Mudzipela, mtaa wa Bunia, kunisalimia. Hukaa kwenye kiti cha marehemu, hupokea chai, hutoa telefone yake na kunisomea habari za wanasayansi. Yumo katika kikundi kimoja cha telefone ambacho watu wake, wakimaliza kutakiana asubuhi njema kwa picha za maua, hutumiana mambo ya ajabu yaliyogunduliwa duniani. Kwa njia hiyo nimejua kwamba pweza ana mioyo mitatu. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumwona pweza, wala pweza hajawahi kuuliza habari zetu, lakini mioyo yake tunaijua. Nimejua pia kwamba asali haiharibiki hata ikikaa karne nyingi. Mimi nilizaliwa karibu na Boga, na nyumbani kwetu asali haikuwahi kuona Jumapili mbili, kwa hiyo jambo hilo hatukuweza kulichunguza. Tena nimejua kwamba wataalamu, kwa vyombo vya bei kubwa, wamegundua kuwa mtu anayeimba pamoja na wenzake hupungukiwa na huzuni.

"Wamegundua lini?" nilimwuliza.

"Juzi juzi, shemeji. Iko mupya kabisa."

"Basi pita kwa kwaya ya wamama uwaambie wanaruhusiwa kuendelea."

Simdharau mtu anayetafuta maarifa. Nilisoma shule ya kanisa pamoja na mume wangu, na walimu wetu walitufundisha kwamba anayechunguza kazi za Mungu kwa heshima anamsifu hata kama hajui. Kinachonichosha ni mtu ambaye hajawahi kumtazama kuku wake mwenyewe kwa dakika nzima, lakini anashangaa kuku wa kwenye telefone.

Sasa, ili haya yanayofuata yaeleweke, lazima niseme neno kuhusu baraza langu. Nyumba yangu iko chini ya mteremko, na nyuma yake jirani mmoja tajiri alijenga depo ndefu ya mabati ya kuwekea bidhaa. Tangu hapo rezo ya telefone haifiki barazani. Ukikaa penye ngazi, telefone inaonyesha alama moja au mbili. Ukiingia ndani zaidi, hakuna kitu. Mtu akitaka kupiga simu hupanda mpaka barabarani, karibu na robine ya maji. Parseli nzima, yaani kiwanja chetu chote, inajua. Watoto wanajua. Shemeji naye alijua, maana kila jioni alilalamika, na habari zake zote alizivuta akiwa barabarani, kama mtu anayenunua mikate, kisha akashuka nazo kutugawia zikiwa zimeshapoa.

Ndani ya baraza hilo, penye kivuli, hukaa mama fundi. Ni mama kijana wa upande wa Fataki, aliyekimbia vita na mabinti zake wawili. Wengine walikimbia na magodoro au sufuria; yeye alikimbia na mashini ya kushona. Meza yake aliiacha, akabeba kile kichwa cha chuma juu ya kichwa chake mpaka Bunia. Nilimpa chumba cha nyuma, seremala akamtengenezea meza nyingine, na tangu hapo mashini hiyo ndiyo inayowalisha na kuwavalisha, naye hushona huku akiimba. Ni ya zamani sana, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu yaliyofutika nusu. Kwa siku kuu ya wamama, kanisa lilimpa kazi ya kushona nguo za sare za kundi zima. Hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Vikwembe, yaani vitenge vya sare, vilikuwa vimekatwa na kupangwa kitandani kwake, na mabinti walikuwa wanalala chini.

Jioni moja shemeji alifika akitembea haraka kuliko umri wake. Hakuomba chai. Alisimama penye ngazi, akaitazama mashini jinsi watu wanavyomtazama bibi harusi.

"Mama fundi," akasema, "hii mashini uliitosha wapi?"

"Iliachwa na mama yangu, Papa shemasi."

"Unajua kitu kiko ndani?"

Tukaambiwa kilichomo. Wanasayansi wamegundua kwamba watengenezaji wa zamani waliweka ndani ya mashini kama hizo merkiri nyekundu. Merkiri ya kawaida tunaijua, ndiyo yale maji mazito ya fedha ambayo wachimbaji wetu hutumia kukamata vumbi la dhahabu, na wengine yamewaharibu mikono na akili. Lakini nyekundu, alisema shemeji, ni nyingine. Ndege haziwezi kuruka mbali bila hiyo. Wazungu wanaitafuta dunia nzima. Na njia ya kuitambua ni rahisi: ukisogeza telefone karibu, merkiri inakula rezo.

"Angalieni sasa kwa macho yenu," akasema. Alisimama penye ngazi, akatuonyesha alama mbili. Kisha akaingia barazani polepole, mkono mbele kama mtu anayemwendea nyoka, mpaka akaifikia mashini. Alama zote zilikuwa zimekufa.

"Munaona?" akanong'ona.

Niliona. Niliona mwanaume mwenye wajukuu, aliyelalamikia jambo moja kila jioni kwenye kiti kimoja, amelivumbua upya akiwa amesimama.

Nilimwomba telefone. Nikarudi ngazini mpaka alama zikafufuka, nikaingia tena, lakini safari hii nikaisogeza kwa mbuzi wangu aliyekuwa amefungwa kwenye nguzo ya ndani. Rezo ikafa. Nikaisogeza kwenye sufuria ya maharage, ikafa. Nikaiweka juu ya kitabu changu cha nyimbo, ikafa.

"Basi mbuzi huyu ameimeza," nikasema. "Nilishangaa kwa nini hanenepi."

Shemeji alinihurumia. "Ile nguvu inasambaa, shemeji. Mbuzi iko karibu sana na mashini."

Mtu akifika hapo, hakuna unachoweza kumwambia. Kila kinachompinga anakifanya shahidi wake. Nilimgeukia mama fundi, nikitegemea tutacheka pamoja. Hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mashini, pale penye maua.

"Mama," akasema taratibu, "weye uko na parseli. Siye tuko na mashini tu. Kama mutu anasema ndani ya mashini muko parseli, unataka nifanye nini?"

 Katika Ituri hii si rahisi kumcheka mtu anayetazamia mali ndani ya kitu kichafu, maana sote tumewaona vijana wakiosha matope na kupata chembe zinazong'aa. Nchi imetufundisha vibaya. Nilimwambia tu kwamba chakula cha watoto wake kilikuwa kinatoka kwenye sindano ya mashini hiyo na si tumboni mwake, na akaitikia, "Ndiyo Mama," kwa ile sauti wanayoitumia watu waliokwisha kuamua.

Shemeji alituma picha ya mashini kwenye kikundi chake. Jibu lilikuja upesi ajabu. Mabwana wawili wa mjini, wanaojua njia ya kuwafikia wanunuzi wakubwa, wangekuja Jumamosi.

Ijumaa nilikwenda kwenye maombi ya wamama. Tuliombea amani, tukawaombea wagonjwa, tukaiombea siku kuu. Sikujua kwamba ningepaswa kuombea turnevisi. Niliporudi, shemeji alikuwa amepiga magoti barazani, turnevisi ya kufungulia skrubu mkononi, vidole vyake vyeusi kwa mafuta. Juu ya kitambaa kimoja cha sare kulikuwa kumetandazwa vyuma vidogo vidogo, skrubu, magurudumu na resori, zile springi ndogo, kama mifupa ya samaki baada ya karamu. Mama fundi alikuwa amechuchumaa mbele yake, ameshika kikombe changu cha chai kwa mikono miwili, tayari kupokea.

"Tuliogopa watamuibia mama fundi," shemeji akaeleza. "Afazali siye tuitoshe, tuiuzishe ikiwa ndani ya chupa."

"Na imetoka?"

 Niliangalia ndani ya kikombe. Kulikuwa na nyuzi zilizogandamana na mafuta, kipande cha sindano iliyovunjika, na kifungo kidogo cha shati la mtoto.

"Hiki ni cha kaka yangu," mama fundi akasema, akakichukua kifungo.  Kaka huyo hakufika Bunia.

Jaribio la kukirudisha kila kitu mahali pake lilidumu mpaka giza. Mashini ilikubali kufungwa, lakini haikukubali kugeuka.

Jumamosi mabwana wakaja kwa moto mbili, yaani pikipiki, viatu vyao vikiwa safi kuliko barabara yetu. Mmoja aliitwa na mwenzake "injenia". Injenia aliinama, akasogeza telefone yake kwenye mashini, akaangalia, akanusa, kisha akanyoosha mgongo taratibu kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mulifungua?"

"Kidogo tu," shemeji akasema.

"Ah, Papa. Merkiri nyekundu ikiona hewa, inakufa."

Shemeji aliinamisha kichwa kabisa, kama tuko makaburini. Mimi nikauliza mzoga wake uko wapi. Injenia akasema merkiri nyekundu haiachi mzoga. Nikauliza kama yeye aliwahi kuiona ikiwa hai. Akasema hakuna mtu anayeweza kuiona ikiwa hai, maana iko ndani. Nilimshukuru, kwa kuwa katika maisha yangu nimewasikiliza wahubiri wengi wa uongo, na wachache wamewahi kujenga uzio mzuri namna hiyo. Mwenzake akataja usumbufu wa safari na mafuta ya moto. Nikawaambia nyumbani kwangu mgeni haondoki mikono mitupu, wasimame tuombe.

Walisimama uani, juani. Niliwaombea wao, wazazi wao, wanasayansi wote, ndege zinazoruka bila merkiri yetu, na moto zao moja moja. Sikuharakisha. Sala ya mtu mzee haikatizwi, na wao walilelewa hivyo. Niliposema amina, hakuna aliyekumbuka mafuta.

Lakini walipoondoka hapakuwa na kicheko. Mama fundi alikaa kitandani kati ya vikwembe vilivyokatwa, na wamama wawili walikuwa wameshatuma kuuliza kama wapeleke vitambaa vyao kwa fundi mwingine. Kama angenyang'anywa kazi ile, nani angempa nyingine? Nilimwita shemeji, na sikutumia sauti ya barazani.

"Ibebe," nikamwambia.

"Kwenda wapi?"

"Sokoni. Kuna muzee fundi mwenye mashini ya aina hii. Mutaziweka mbili pamoja, mutaangalia moja na kurekebisha nyingine. Weye ndiye utakayeibeba, na utaibeba kwa kichwa, kama yeye alivyoibeba."

Akaibeba. Nilimfuata nyuma na mama fundi, polepole, kwa sababu ya magoti yangu. Habari zilikuwa zimetutangulia. Vijana wa moto waliokaa njia panda walimwona akitoka jasho chini ya chuma kile.

"Papa shemasi, merkiri iko nzito?"

"Mumuachie njia, ndege inataka kuruka."

"Papa, usipite karibu na siye, utatukulia rezo."

Aliendelea kutembea. Nitamsifu kwa hilo. Pale sokoni shemeji na yule muzee fundi, wanaume wawili wazee, walikaa sakafuni na mashini mbili tangu adhuhuri mpaka watu walipoanza kufunga vibanda, wakifungua, wakikosea, wakifungua tena. Mwishoni gurudumu likageuka. Resori moja ndogo ilibaki, na hakuna aliyejua ilitoka wapi. Tangu siku hiyo mashini inashona vizuri, ila inakohoa.

Niliwaendea wale wamama wawili mwenyewe, nikakaa kwenye viti vyao mpaka wakaniahidi vitambaa havitahama. Muda uliopotea, hata hivyo, haukurudi. Mama fundi angeweza kumaliza mishono mikubwa kabla ya siku kuu, lakini pindo na vifungo vilihitaji mkono. Kwa hiyo shemeji alipofika jioni iliyofuata, akaelekea kiti cha marehemu na kunyoosha mkono apewe chai, nilimpa sindano.

Alishona jioni zote za wiki ile, miwani puani, penye ngazi ambapo kila mpita njia alimwona. Vifungo vyake vya kwanza vilining'inia kama meno ya mzee, tukavikata akaanza upya. Nguo zikapungua kitandani moja baada ya nyingine, mpaka mabinti wakarudi kulala juu. Ndani, penye kivuli, mashini ilikuwa inakohoa bila kupumzika, na mama fundi, aliyekuwa hajaimba tangu Ijumaa ile, alikuwa ameanza tena kuimba kwa sauti ndogo.

Jioni ya mwisho shemeji alikata uzi kwa meno, akaitazama kazi yake kwa upole, akavua miwani.

"Shemeji," akasema, "unajua kama wanasayansi wamegundua kwamba kushona kwa mukono kunatuliza mishipa?"

Nikamsogezea gauni lingine.