Mama Sindano na Kitambaa cha Mishono Miwili

Saa mbili asubuhi, mteja wa kwanza ameshatua cherehani yake mezani. Fundi haigusi. Anamsogezea kipande cha kitambaa cheupe.

“Shona kwanza, shangazi. Nataka nione inavyokusumbua.”

Mshono unatoka umerukaruka. Matengenezo yakiisha, mteja atashona mstari wa pili kando ya ule mbovu, kisha aende na kitambaa chake nyumbani. Ndiyo risiti ya hapa.

Wateja humwita fundi huyu Mama Sindano. Ana miaka thelathini na minne, watoto wawili, na vidole visivyokauka mafuta. Kabla ya kutengeneza cherehani alikuwa mhasibu kwa miaka minne, kazi aliyochaguliwa na baba yake.

“Mwili ulikuwa ofisini, masikio kwenye feni inayokwaruza,” anasema akicheka. “Siku moja bosi alinikuta nimeifungua. Nikajua hapa napoteza muda wa watu.”

Alipoacha kazi, baba hakugomba. Aliacha tu kuuliza. Kwa miaka mitatu walizungumza habari za wajukuu, za mvua, hata za mguu wa jirani. Habari za kazi, kimya. Kipato kilikuwa nusu ya mshahara wa zamani, lakini kilichomnyima raha ni kimya kile. Alitaka radhi ya baba yake.

Mwaka jana mzee akaingia karakanani amekumbatia cherehani ya marehemu mkewe. Binti akampa kitambaa kama mteja mwingine yeyote. Mishono ikaruka. Akachungulia: sindano imewekwa kinyume.

“Nani kaiweka hivi, baba?”

Mzee akashika kola ya shati lake, iliyoshonwa ovyo kwa uzi mwekundu. Tangu afiwe alikuwa akijifunza kushona kwa siri.

“Nilicheka mpaka nikalia,” anasema Mama Sindano. “Nikaigeuza, akashona mstari wa pili. Umenyooka! Akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni, akaniuliza, ‘Kesho unafungua saa ngapi?’ Nashukuru Mungu nilikuwa hai kulisikia swali lile.”

Sasa anatafuta chumba kikubwa zaidi, chenye nafasi ya meza mbili. Ya pili si ya fundi; ni ya baba yake.

Mlangoni, mzee anampokea mteja mpya na kumpa kitambaa.

“Shona kwanza, mama,” anasema. “Binti yangu aone.”