Pale Ngumi Inapofunguka

Watu wakiniuliza mchezo wetu unaitwaje, nachoka. Hauna jina. Kocha alitaka jina la Kinubi, Mwalimu akataka la Kikongo, wakabishana mpaka jina lenyewe likashindikana.

Kocha ni bondia wa zamani, Mnubi, amezaliwa hapa hapa Kampala. Mwalimu alikimbia vita Kongo, akaja na judo yake, akawa anauza vitenge sokoni Nakawa. Siku moja wakinywa chai pale sokoni, Kocha akamwambia, "Judo yenu ni kukumbatiana tu, kama watu wa harusi."

"Kuja basi nikukumbatie," Mwalimu akasema.

Kocha akampasua mdomo kwa ngumi, na kabla hajafurahi akajikuta chali kwenye mafungu ya nyanya za watu. Wakaziokota pamoja, wanacheka. Mchezo wetu ulianzia hapo.

Walitufundishia sisi vijana nyuma ya gereji moja, chini ya kilima cha Mbuya, juu ya magodoro ya zamani yaliyofunikwa turubai. Kocha ngumi, Mwalimu kuangusha. Lakini utamu wote ulikuwa katikati, pale ngumi inapofika, inafunguka, inakamata nguo, na wewe unaingia chini ya mwili wa mwenzako. Hapo hawakuelewana hata siku moja.

"Piga mpaka mwisho! Hapana kufungua haraka!" Kocha anapiga kelele.

"Ukimupiga mpaka mwisho anaenda mbali. Utakamata nini, upepo?" Mwalimu anajibu.

Sisi tunajirekebisha huku na huku mpaka wote wawili wananyamaza. Wakinyamaza, ujue umepata. Mimi niliwahi kuipata, ila kwa bahati tu. Nilitaka kuipata kwa kujua.

Sina subira mimi. Nikawauliza kwa nini kila mmoja asijifunze ya mwenzake, yaishe.

Mwalimu akanishangaa. "Dada, nikijua yote, huyu muzee nitamuhitaji wa nini?"

Hiyo ndiyo falsafa yao yote. Hakuna mtu anayetosha peke yake. Niliipenda sana, nikaiandika ukutani kwa chaki.

Halafu Mwalimu akapigiwa simu: kesi yake ya ukimbizi ya kwenda Amerika imepita, yeye na familia. Walikuwa wamengoja mpaka wameacha kungoja. Nikamkimbilia Kocha.

"Kocha, jifunze ya Mwalimu sasa hivi. Akienda, nani ataniambia nimekosea?"

Alikuwa anafunga bandeji mkononi, hakuinua macho. "Nikijifunza yake, ni kama nimekubali anaenda."

"Lakini anaenda!"

"Wewe mtoto, nenda ruka kamba."

Mwalimu akaenda.

Tulijaribu simu ya video. Mwalimu yuko jikoni kwake huko, amevaa jaketi kubwa ndani ya nyumba. Kocha ameshika simu, mimi napiga na kumkamata mwenzangu.

"Kiuno iko wapi? Sioni kiuno!"

Kocha anashusha simu.

"Sasa sioni mukono!"

Picha inaganda. Ikirudi, wote wanaongea pamoja, kisha wote wananyamaza, na kimya hicho si kile cha zamani. Baadaye Mwalimu akapata kazi kiwandani, akawa anapokea nusu amelala. Siku hizi hapokei. Simlaumu.

Wenzangu wenye miili mikubwa sasa ni mabaunsa, wanasimama kwenye milango ya baa Kabalagala. Huko hakuna anayewauliza falsafa. Waliobaki wanataka ngumi tu.

Juzi nilimwomba Kocha asimame mbele yangu. Nikapiga, nikafungua mkono, nikakamata shati lake, nikaingia. Hakuanguka. Tukabaki tumeshikana hivyo, anapumua juu ya kichwa changu.

"Umekosea," akasema.

"Wapi?"

"Sijui, mwanangu. Hapo ndipo yeye angeongea."

Leo nimefika, magodoro hayapo. Kocha amempa mlinzi wa gereji. Nilipouliza, akasema hakuna anayeanguka siku hizi.