Bendeji ya Siku ya Zahanati

Ndugu zangu, kabla ya kuugua mimi nilikuwa mtu wa miguu. Kwenye mpira nilicheza winga, kwenye ngoma nilikuwa mbele, na balozi wa nyumba kumi akiita watu wa kulima shamba la ujamaa, miguu hiyohiyo ndiyo iliyonitorosha.

Mwaka tuliohamia kijiji kipya huku Sepuka, tulikuwa tunakata miti ya kujengea. Mwiba ukanichoma juu ya kifundo. Wiki hiyohiyo rafiki yangu Njiku akachomwa kwenye ugoko. Nikamwambia, "Haya, tumechanjiana undugu." Tukacheka.

Penye mwiba pakaota kipele, kipele kikawa kidonda, kidonda kikawa donda ndugu, kwangu na kwa Njiku. Changu kilifunguka kama mdomo, kingo zimevimba, katikati kijivu, usaha unashuka mpaka kwenye katambuga zangu za tairi. Harufu yake, hata mbwa wetu alianza kunifuata kwa heshima.

Tukaenda zahanati tumeshikana mabega. Dresa, yule mfunga vidonda, alikuwa mama mmoja mkali. Akatuosha kwa maji ya chumvi, akakwangua nyama iliyooza, sisi tunalia kama ndama. Akafunga bendeji nyeupe. "Msifungue. Mtarudi Jumatatu."

Sasa nguo zilikuwa adimu. Nani akae na kitambaa cheupe namna ile kwenye vumbi la ng'ombe? Bibi yangu akaifungua, akaifua, akaikunja sandukuni. "Utaivaa siku ya zahanati," akasema. "Yule mama asituone wachafu." Kwa kina Njiku nao vilevile. Basi kila Jumatatu tunafungana bendeji njiani, tumependeza kama tunaenda kubatizwa. Siku nyingine zote kidonda kilikuwa cha nzi.

Jumatatu moja nilikwenda peke yangu. Dresa akaitazama bendeji, haina doa. Akaifungua, funza wakaanguka. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, hii huwa unaivaa lini?"

"Siku ya kuja kwako, mama."

Nilidhani atacheka. Akakaa chini.

"Na mwenzako yuko wapi?"

"Ana homa. Mguu umekuwa mweusi."

Akachukua baiskeli palepale, akaenda kwa kina Njiku. Njiku akapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, apelekwe hospitali mjini. Midomo imemkauka, bado anatania. "Nitunzie bendeji yangu, usije ukaivaa wewe." Kule walimkata mguu, lakini sumu ilishapanda. Alirudi amefunikwa shuka.

Mimi nilichomwa sindano mpaka makalio yakawa magumu. Nililala mguu juu ya gunia la mtama, bendeji haifunguliwi na mtu ila dresa. Bibi alikaa mlangoni akifukuza nzi kwa kanga. Usiku nilisikia mtu anaruka kwa mguu mmoja nje, nikajifunika kichwa. Nyama nyekundu ikaja polepole, ikafunga.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule dresa, na bibi yangu msimlaumu. Wewe mwenye kidonda, bendeji ikichafuka iache ichafuke, ndiyo kazi yake. Homa ikikushika, usisubiri Jumatatu.

Mama yake Njiku nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye mguu wangu. Anautazama mpaka nipite. Zamani nilikuwa nakimbia. Siku hizi napita polepole, autazame mpaka ashibe.