Maharage ya Gunia Moja

Mpaka leo nikinusa makande yaliyoshika chini ya sufuria, narudi kwenye shule ya msingi niliyosoma nje kidogo ya Mbalizi, msimu wa mvua na ukungu, jiko likifuka moshi wa kuni mbichi za milingoti tangu asubuhi. Kila nyumba ilichangia mahindi na maharage. Mzazi alifika na mfuko wake, akamimina kwenye gunia moja, akaondoka bila mtu kumchungulia. Ndivyo tulivyostahiana: funika kombe mwanaharamu apite. Aliyeleta maharage ya mavuno mapya na aliyekwangua yaliyosahaulika chini ya pipa, wote walihesabika wamechangia.

Ila sufuria haijui heshima. Maharage mapya yaliiva mpaka yakapasuka, ya zamani yakabaki magumu kama kokoto. Sisi wa darasa la tano tulitafuna tu, meno tulikuwa nayo. Mdogo wangu Atupele, aliyekuwa darasa la awali, meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka. Alinyonya mchuzi, akasukuma bakuli, na wenzake vivyo hivyo. Ndoo za makombo zikajaa, nguruwe wa mlinzi wa shule wakanenepa, na mimi jioni nikambeba Atu mgongoni kwa sababu miguu yake haikuwa na nguvu ya kupanda kilima. Iliniuma sana, maana mchango wetu mama aliutoa kwenye maharage ya mbegu.

Siku ya mkutano wa wazazi mama alisimama, akaomba maharage mapya yatengwe, wadogo wapikiwe peke yao. Kisha mwenyekiti wa kamati, mzee mpole ambaye hakuwahi kumgombeza mtu, akasema, "Mama Tumaini, ukianza kubagua maharage, kesho utabagua watu. Nani atasimama hapa aseme ya kwangu ndiyo ya zamani?"

"Mficha uchi hazai, baba," mama akajibu. "Watoto wanashinda njaa kwa ajili ya aibu yetu."

Wanawake wawili waliokaa mbele yake waliinamisha vichwa. Mama aliwatazama, akakaa, na habari ile hakuitaja tena. Mwaka uliofuata mvua ilizidi, maharage yetu yakaozea shambani, naye akaenda kumimina ya zamani kwenye gunia, harakaharaka, bila kuinua macho. Atu alikuwa ameshaota meno. Wadogo wengine ndio waliosukuma bakuli. Nilimhurumia mama siku ile, na bado namhurumia.

Sasa nafundisha darasa la awali Ipogolo, Iringa. Maharage yananunuliwa kwa mfanyabiashara mmoja na yanaiva laini, hata kibogoyo angeyala. Lakini wadogo wanapakuliwa mwisho, baada ya wakubwa. Chakula chao kinatoka chini kabisa ya sufuria, kingali cha moto wa kuunguza, wengine wameshalala juu ya madawati, na kabla hakijapoa kengele imelia. Ndoo zinajaa vilevile. Nimesema vikaoni mpaka nimechoka. Jibu ni lilelile, ratiba ni ratiba, mwalimu. Zamani tulimwaga chakula kwa kusitiriana. Siku hizi tunamwaga kwa haraka, na hakuna anayeinamisha kichwa.

Jumapili iliyopita mama alinipigia simu. Alipomaliza salamu za nyumbani akauliza, "Na hao watoto wako wa shule, siku hizi wanakula?"

"Wanapikiwa, mama."