Kasuku Aliyemwitikia Mama Bahati

Nikisikia harufu ya mawese yanayochemka, akili yangu inarudi moja kwa moja mtaani kwetu Katoyi, kwenye kiwanja chetu cha mawe meusi ya volkano. Mawese yale yalikuwa ya Mama Bahati, jirani yetu, na kasuku wake alipenda ngazi, yale matunda ya mchikichi, kuliko sisi watoto tulivyopenda mandazi.

Mama Bahati alikimbia vita Masisi, akapanga chumba cha mbao nyuma ya kwetu. Alifika na sufuria, kitenge na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Mwanawe Bahati ndiye aliyemnasua ndege huyo kwenye ulimbo wa wategaji, akamfuga. Siku risasi zilipolia, Bahati alikimbia kufuata ng'ombe, mama yake akakimbilia barabarani. Hawakuonana tena.

Basi kila jioni mama huyo aliita, "Bahati!" Na kasuku akaitika kwa sauti ya kijana kabisa kwamba anakuja, "Niko nakuya, mama!" Jamani, tulivyocheka! Mama yangu alitufukuza, akisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi tukaenda kuchekea nyuma ya choo.

Lakini kasuku alianza kujing'oa manyoya, mpaka kifua kikabaki kitupu kama cha kuku wa kuchinjwa. Maskini, nilimhurumia! Papa yangu akamwita muganga wa wanyama, muzee mpole aliyetunza kasuku waliotolewa mikononi mwa wategaji ili warudi porini.

"Mama, huyu ndege upweke unamuua," muzee alisema. "Na kule pori wamebakia kidogo sana. Tumupeleke kwa wenzake."

"Atapona?"

"Atapona. Ila kule hatumuongeleshe. Lazima asahau maneno ya watu, ndio ajue kufuata wenzake."

"Yote?"

"Yote, mama."

Mama Bahati akamlisha ndege ngazi, akawa anaita jina la mwanawe tangu mchana mpaka jua likazama, na ndege akaitika kila mara. Siku hiyo hatukucheka, maana mama yangu alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Asubuhi Mama Bahati alimfunika kasuku kwa kitenge chake, akamkabidhi muzee, akalia sana. Mimi nilishangaa. Mutu muzima kulilia ndege!

Miezi ikapita. Muzee akatualika tuwaone kasuku kabla hawajaachiliwa. Tulichungulia kwenye tundu la ubao, tumekatazwa kusema hata neno. Ndani walikuwa wakipiga mbinja, na wetu, kifua kimeota manyoya mapya, aliruka katikati yao akipiga mbinja kama wao. Mama Bahati alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtikisika. Nilidhani anazuia kikohozi.

Leo nami ni mama. Najua jina la Bahati lilikuwa limeshamfika Mama Bahati mdomoni, na kama angeliita, huenda angeitikiwa.